Bi. Marlys Dierking na Jumatano za Kusifu Watoto wa Wenzetu

Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, Bi. Marlys Dierking, mshauri wa wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Holstrom, anastaafu rasmi baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na mmoja. Mkuu wa shule ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya kijarida cha wafanyakazi, na ameniomba uwe mfupi. Ombi la kwanza nimelikubali. Kuhusu la pili, yeyote anayemjua Marlys atanielewa.

Mwandishi ni mimi LaVonne Ricklefs, karani wa mapokezi. Ukuta unaotenganisha meza yangu na chumba chake ni wa mbao nyembamba, na kwa miaka yote niliyokaa hapa nimesikia kila kitu bila kutaka. Sawa, mara nyingine nilitaka. Kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuhadithiwa.

Bi. Marlys alikuja Holstrom Agosti 1994 kufundisha Kifaransa. Baada ya miaka miwili bodi ya shule iliona kwamba wafugaji wa nguruwe wa Iowa wanaweza kuishi vizuri tu bila Kifaransa, ikalifuta somo, ikampa kazi ya ushauri pamoja na chumba kilichokuwa stoo ya mafagio. Harufu ya dawa ya sakafu haijatoka humo mpaka leo. Aliweka viti viwili, akabandika ramani ya nchi nzima ukutani, akaanza kuwaita watoto mmoja mmoja na kuwauliza wanataka kwenda wapi. Majibu yalikuwa matatu: chuo kikuu cha jimbo, jeshini, au nyumbani bandani. Hakuna ubaya katika lolote kati ya hayo, na yeye mwenyewe hakuwahi kusema kuna ubaya. Kilichomkera ni kwamba watoto walikuwa wakichagua moja kati ya matatu bila kujua kwamba lipo la nne.

La nne ni vile vyuo vidogo vya elimu pana, vyenye wanafunzi elfu moja au mbili, ambako mtoto anasoma historia asubuhi, baiolojia mchana na muziki jioni, na mwalimu anamjua kwa jina na kwa kikohozi. Wazazi wetu walikuwa wakisikia ada yake wanatafuta kofia zao waondoke. Ada inayotangazwa ni dola elfu sitini na zaidi kwa mwaka, na kwa fedha hiyo mtu wa hapa anapata trekta lililotumika ambalo bado lina nguvu.

"Haya basi, tuzungumze trekta," Marlys alikuwa akiwaambia. "Nitajie mtu mmoja wa wilaya hii aliyewahi kulipa bei iliyobandikwa kwenye trekta."

Mtu huyo hayupo, na mzazi anajua. Hapo anarudisha kofia yake magotini na somo linaanza. Chuo chenye foleni ndefu mlangoni, Marlys alieleza, hakina sababu ya kumpunguzia mtu. Lakini kuna vyuo vizuri visivyo na majina makubwa, vimejificha kwenye miji midogo kama wetu, na hivyo hutoa ufadhili mnono kwa mtoto mwenye bidii na kipaji hata kama baba yake si fukara, kwa sababu tu vinamtaka aje. Kazi ni kuvijua, kuomba mapema, na kumpeleka mtoto mahali ambapo atakuwa miongoni mwa walio bora. Leo jambo hili linasikika rahisi. Wakati ule hapakuwa na mtu hata mmoja hapa shuleni aliyelijua, pamoja na mimi ninayejifanya najua kila kitu.

Na alivijuaje vyuo hivyo? Kwa miguu yake. Kila kiangazi yeye na mume wake, Dkt. Arlen, ambaye ni daktari wa mifugo, walipanda Buick yao yenye alama za kugonga kulungu na kuzunguka majimbo. Marlys hakutaka kutembezwa na wale vijana wenye fulana za chuo wanaotembea kinyumenyume huku wakitabasamu. Alikwenda moja kwa moja bwaloni, akanunua supu, akaangalia kama wanafunzi wanakula pamoja au kila mmoja na kona yake. Aliwauliza wafagizi ni walimu gani wanaowasalimia. Kisha aliingia ofisi ya udahili na swali lake moja: "Mtoto wangu anayeshika nafasi ya pili darasani mnampa nini? Na mnampa miaka yote minne, au mnamvuta mwaka wa kwanza halafu mnamwacha kwenye mataa?" Chuo kimoja kilimwomba aondoke. Alimaliza supu kwanza. Arlen husema yeye ndiye daktari wa ng'ombe aliyeona maktaba nyingi kuliko mazizi, na kwamba supu mbaya kuliko zote aliinywa Indiana.

Msidhani namchora malaika. Bi. Marlys huegesha gari lake kwenye nafasi mbili, yake na ya mwalimu wa hesabu. Huimba. Kahawa yake inaweza kuondoa kutu. Ana stepla yangu tangu mwaka wa kimbunga, na naomba kijarida hiki kiwe taarifa yangu rasmi kwake kwamba naitaka kabla ya Ijumaa. Lakini jambo lililomfanya ajulikane wilaya nzima, na ambalo shule nyingine zimejaribu kuliiga zikashindwa, ni zile Jumatano zake.

Chanzo chake kilikuwa kijana Curtis Ohlendorf. Akiwa na miaka kumi na sita Curtis aliifufua pampu ya zimamoto ya mji, ambayo fundi wa kutoka Des Moines alikuwa ameshaisomea buriani. Jumamosi alikuwa akiwasomea gazeti wazee wa nyumba ya matunzo. Alipojaza maombi ya chuo kimoja cha Ohio, mahali pa kueleza aliyoyafanya aliandika kwamba husaidia kidogo nyumbani. Chuo kikampa ufadhili wa kiwango cha chini kabisa, ule wanaompa kila mwenye mikono miwili. Marlys alimwita, na sauti yake ilipita ukutani bila kubisha.

"Curtis, kwa nini hukuandika pampu?"

"Lakini Bi. Dierking, kila mtu anaijua ile pampu."

"Ohio hawaijui, mwanangu."

Ugonjwa huu si wa Curtis peke yake, ni wetu sote. Sisi tumelelewa kuamini kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwulize mama wa Holstrom habari za binti yake aliyeshinda jimbo zima kwa kukimbia, atakuambia, "Hajambo, anajitahidi." Adabu hii ni nzuri kanisani na mezani. Kwenye karatasi ya maombi ya ufadhili ilikuwa ikiwagharimu watoto wetu maelfu, huku watoto wa miji mikubwa, waliofundishwa kujipigia debe tangu chekechea, wakiandika kurasa mbili juu ya siku moja waliyopanda miti.

Marlys aliona hawezi kututibu, akatafuta njia ya kutuzunguka. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, msimu wote wa vuli, aliwaalika watu wa mji bwaloni wanywe kahawa, wale keki za kukata, na wawasifu watoto. Kanuni ilikuwa moja: ni marufuku kumsifu wa kwako. Wa mwenzio, sema mpaka mate yakukauke. Marlys aliandika mbiombio, na mtoto mwenyewe alikaa pale pale na masikio mekundu. Vic Sandvig wa maghala ya mahindi, ambaye kanisani hasemi zaidi ya amina, alizungumza robo saa nzima kuhusu msichana anayeweza kurudisha nyuma lori la nafaka kwenye upepo. Bibi wawili wa barabara ya kaskazini walisifiana wajukuu vizuri sana, kisha wakanuniana hadi Pasaka kwa sababu mmoja aliona mjukuu wake kasifiwa kidogo kuliko alivyomsifu wa mwenzake.

Matokeo yake mnayajua. Mwaka hadi mwaka watoto wetu wakaanza kwenda kwenye vyuo ambavyo baba zao hawawezi kutamka majina yake, na wengi wakilipa chini ya ada ambayo wangelipa kwenye chuo kikuu cha jimbo. Mmoja wao sasa ndiye daktari wetu wa meno. Mmoja alisoma falsafa, akarudi, akafungua banda la nguruwe, na nguruwe hawajalalamika. Kila tarehe mosi Mei, siku ya mwisho ya kuchagua chuo, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapovaa fulana za vyuo vyao, Marlys husimama mlangoni akiwahesabu kama kuku wanaoingia bandani, na siku hiyo hakuna anayethubutu kumwuliza jambo.

Lakini kama ningeruhusiwa kusimulia jambo moja tu kumhusu, ningesimulia la Tessa Wubben. Nimeomba ruhusa ya Tessa na ya baba yake. Tessa alikubali mara moja. Baba yake alisema haoni kama ni habari ya kumvutia mtu, maana yake niandike.

Gene Wubben anafuga nguruwe maili chache nje ya mji. Mkewe alimwacha, sasa anaishi Arizona na mume mwingine. Mtoto wa kiume yuko Omaha na harudi ila Krismasi. Nyumbani walibaki wawili, Gene na Tessa, na mbwa asiye na kazi. Tessa alikuwa wa kwanza darasani, lakini hilo si kitu; kila mwaka lazima mmoja awe wa kwanza. Kilichomtofautisha ni kwamba alijifundisha mwenyewe Kijerumani cha zamani ili asome mawe ya makaburi nyuma ya kanisa la Kilutheri, na akiwa na miaka kumi na saba alikuwa ameshawarudishia majina watu ambao hata wajukuu zao hawakujua wamelala wapi. Mtunza makaburi alikuja Jumatano kumsifu akashindwa kumaliza, ikabidi apewe keki. Tessa alitaka kusoma historia. Hakutaka kitu kingine duniani, na alikuwa akilisema hilo kwa sauti ndogo kana kwamba anaomba msamaha.

Marlys alimtafutia vyuo vitano. Kilichompenda zaidi kilikuwa Chuo cha Brannock, huko Pennsylvania, ambacho kila mwaka huwalipia wanafunzi wachache ada yote kwa miaka minne. Lakini kwanza mtoto anaalikwa kwenye usaili wa mwisho. Mwaliko hutolewa kwa simu. Kwa kuwa simu ya mkononi haishiki kwao, Tessa alikuwa ameandika namba ya simu ya nyumbani, ambayo hulia na bandani pia.

Sasa inabidi nieleze jambo la pai, kwa ajili ya wafanyakazi wetu wapya. Hapa kwetu mtu akikaribishwa kipande cha pili cha pai husema hapana. Akikaribishwa tena husema hapana, nimeshiba kabisa. Ya tatu ndiyo husema haya, kidogo tu. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na anayeacha kukaribisha kabla ya mara ya tatu ni mchoyo. Kila mtu analijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo hakuna anayelala njaa.

Kijana wa udahili wa Brannock hakuzaliwa Iowa. Alipiga simu siku moja ya Februari, Tessa akiwa shuleni, Gene akapokea katikati ya nguruwe. Kijana akampongeza, akamweleza heshima aliyopata binti yake, akasema wangependa kumwalika. Gene akasema hapana, hiyo ni kubwa mno, wampe mtoto mwenye shida zaidi. Kijana akashangaa, akamwuliza kama ana hakika. Gene akasema hapana kweli, wao wako sawa tu. Kijana akamshukuru, akakata simu, akampigia mtoto aliyefuata.

Gene akakaa akingojea kukaribishwa mara ya tatu.

Alingojea wiki nzima. Kisha akapita hapa mapokezi kuleta dawa ya mafua ambayo Tessa alikuwa ameisahau, akaniambia kwa mazungumzo tu kwamba wale wa Pennsylvania walipiga, ni watu wakarimu, anadhani watapiga tena. Nilimwuliza alisema nini. Akanisimulia. Nikagonga ukuta, na Marlys akaja akiwa bado na kijiko mkononi.

Alipiga Brannock saa ile ile. Nilisikia akieleza, nikasikia akiomba, na Marlys si mwombaji. Usaili ulikuwa umefanyika Jumamosi. Walisikitika sana. Walikuwa tayari kumpa Tessa nusu ya ada, na nusu iliyobaki ingemeza banda lote pamoja na mbwa.

Tessa alipoambiwa hakulia. Nyumbani hakumgombeza baba yake. Aliendelea kuamka naye alfajiri na kulisha naye, wakila chakula cha jioni bila kufungua redio. Gene aliniambia baadaye kwamba afadhali angemgombeza.

Siku ya pili Marlys alimwita Gene. Nilitarajia radi. Badala yake alimmiminia kahawa ile ya kuondoa kutu, akamwuliza kwa sauti ya kawaida, "Gene, ile hapana uliyosema, ilikuwa ya adabu au ya kweli?"

Nilisikia Gene akiweka kikombe mezani.

"Nusu ilikuwa adabu," alisema.

"Na nusu?"

"Mama yake aliondoka. Kaka yake akaondoka. Huyu anamjua nguruwe mgonjwa kwa kusikia tu akikohoa, Marlys. Nikimaliza kazi jioni nakuta taa imewashwa. Sijui. Pengine nilifurahi kidogo kwamba hawakupiga tena."

Mimi ningemkemea. Nilikuwa nimeshasimama, mkono kwenye kitasa. Marlys alimwambia, "Hiyo ni sababu nzuri ya kulia, Gene. Lakini si sababu ya kumkatalia." Kisha akamwuliza kama ana ruhusa ya kujaribu mahali pengine. Gene akasema ajaribu, na naapa alisema mara ya kwanza.

Mahali pengine palikuwa Chuo cha Wexley, kaskazini kabisa ya Wisconsin, safari ya kutwa nzima kwa gari. Hapa hakuna aliyewahi kukisikia. Marlys alikuwa amekula supu yao kiangazi kimoja na kuisifu, na alikumbuka kwamba walikuwa na mwalimu wa historia anayesoma maandishi ya wahamiaji wa Kijerumani. Tarehe ya maombi ilikuwa imeshapita. Alimpigia mkuu wa udahili, Bw. Pokorny, akamwambia ukweli wote bila kuupaka sukari, pamoja na habari ya pai. Bw. Pokorny akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mtoto wa wakulima wa Nebraska, na mama yake aliwahi kukosa cherehani kwa namna hiyo hiyo. Akasema atume kila kitu, naye atakipeleka kwa kamati. Marlys akatuma alama za Tessa, insha yake, na yote ambayo watu wa mji walikuwa wamesema bwaloni kumhusu, neno kwa neno, pamoja na mahali ambapo mtunza makaburi alishindwa kuendelea.

Wexley walijibu kwamba wangepiga Alhamisi mchana, na kwamba wanataka mtoto na mzazi wote wawepo. Simu ya Marlys haina spika, kwa hiyo walikuja kwangu. Gene aliingia na mabuti ya bandani, akasimama juu ya gazeti ili asichafue sakafu. Tessa alisimama karibu na dirisha. Simu ikalia, Bw. Pokorny akasalimia, hakuzunguka. Kamati ilikuwa imebakiwa na ufadhili mmoja wa ada yote, miaka minne, na wamempa Tessa. Lakini yuko mtoto mwingine anayesubiri nyuma yake, wanafunga hesabu leo, kwa hiyo anahitaji jibu sasa hivi.

Tessa akasema kwamba yeye anataka sana kuja. Halafu akasema, "Lakini baba aseme."

Akatazama nje kwenye theluji, asimtazame baba yake. Nilielewa alichokuwa akifanya. Hakutaka kumsukuma. Kama baba angesema hapana, basi iwe hapana yake mwenyewe, na yeye angebaki na nguruwe na asingemlaumu maisha yake yote. Nilitamani kumfinya Gene. Nilimtazama Marlys nikitegemea atasema kitu, kwa kuwa katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akinyamaza penye nafasi ya kusema. Alikuwa ameuma midomo, mikono ameificha nyuma, na macho yake yamejaa.

"Bwana Wubben?" simu ikasema.

Midomo ya Gene ilianza kutengeneza lile neno letu la kawaida. Niliiona kwa macho yangu. Akaifunga. Akavua kofia.

"Ndiyo," alisema. Kisha, kana kwamba anaogopa hawakusikia, akasogea karibu na simu, akatoka kwenye gazeti lake, mabuti juu ya sakafu yangu safi. "Ndiyo, asante. Atakuja. Na mnapata mtoto mzuri, bwana. Mzuri kweli. Namsifu mimi, baba yake."

Ndipo Tessa alipogeuka. Yaliyofuata ni yao, siyaandiki. Marlys alitoka nje kwenye baridi bila koti akajifanya anaangalia gari lake. Nilipiga deki mwenyewe jioni ile, na sikumlalamikia mtu.

Agosti Gene alimpeleka, akarudi bila kulala njiani kwa sababu ya kulisha. Tessa sasa amemaliza mwaka wa pili. Krismasi alikuja na nywele fupi na maneno mapya, akakaa siku kumi, akaondoka. Wapo watu hapa mjini wanaosema, kwa mzaha na si kwa mzaha, kwamba tumemlipa Marlys Dierking mshahara kwa miaka thelathini na mmoja ili atuondolee watoto. Ni kweli. Wengine wamerudi, wengi hawakurudi, na kuna nyumba kando ya barabara zetu ambazo jioni mtu huingia na kuwasha taa mwenyewe. Nilipokuwa nikiandaa wasifu huu nilikwenda kwa Gene nikamwuliza wazi kama anajuta. Alifikiri huku akikwangua buti.

"Ananipigia kila Jumapili," aliniambia. "Ananieleza anachosoma. Mambo ya watu waliokufa zamani, barua zao, safari zao. Sielewi hata nusu yake, LaVonne. Akiuliza kama ananichosha, namwambia endelea."

Bi. Marlys, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, wazazi, na kila simu inayolia Jumapili katika wilaya hii, tunakushukuru kutoka moyoni. Nenda ukapumzike na Arlen wako, mle supu mnayoitaka nyie, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya na wageni wengi mlangoni. Tutakukosa sana. Mimi nitakukosa kila siku, ukutani.